Mdosi, Paka Niliyemfungia Ndani

Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, ikilowekwa kwenye maji ya moto hutoa harufu ambayo wageni huikimbia. Mimi siikimbii, ila nafungua dirisha kwanza ndipo naweka maji, na mume wangu amezoea, haulizi tena. Anadhani naogopa harufu isishike nguo. Ukweli ni kwamba siwezi kukaa na harufu ya omena kwenye chumba kilichofungwa. Nikikaa nayo hata dakika mbili moyo unaanza kunidunda, kama nimemsahau mtu mahali.

Hakuwa mtu, alikuwa paka. Wala sikumsahau. Afadhali ningemsahau, ningepata usingizi.

Tuliishi Uriri, kwenye ploti ya vyumba sita karibu na soko. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama aliuza omena kwa gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni, na mimi, mtoto wao wa pekee wakati ule, nilikuwa na paka. Alikuwa wa kijivu mwenye mistari, sikio moja limechanika, na alikuwa na tabia ya kupanda kwenye kiti cha baba na kututazama kana kwamba tumechelewa kazini. Ndiyo maana baba akamwita Mdosi, yaani bosi. Mimi akaniita Mama Mdosi. Akirudi jioni, kabla hata hajavua viatu, angeuliza, "Mama Mdosi, mkubwa wetu amekula?" Baba hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa kukumbatia watoto. Swali lile ndilo lilikuwa kukumbatia kwake, na nililijua hivyo hata kama singeweza kulieleza.

Chumba cha mbele, kilichotazama barabara, kilikuwa duka la Mama Nuru. Alikuwa Mwislamu kutoka Pwani, mjane, aliuza leso na sabuni na ndara, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka sisi wa Kiswahili cha sokoni tukawa tunaona haya kumjibu. Mdosi alimpenda. Mchana alilala juu ya leso zilizokunjwa na hakufukuzwa. Mama Nuru alipotandika mswala wake, Mdosi alijinyoosha ukingoni, naye akasali hivyo hivyo bila kumsogeza. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na jambo lile lilinikera kuliko ninavyoweza kusema. Nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa cha watu wote, hata kitanda changu kililaliwa na mgeni yeyote aliyekuja. Mdosi peke yake ndiye alikuwa wangu.

Desemba ile tulipanga kwenda Magunga kwa Dani, mama yake baba, tukae siku saba. Baba akamwomba Mama Nuru amtupie paka mabaki. Nilikuwepo. Mama Nuru alikuwa anamkuna Mdosi kidevu, akasema, "Nendeni mstarehe. Ila huyu mkirudi mtamkuta si wenu tena." Baba akacheka, mama naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilimsikia mwizi akitangaza wizi wake mchana kweupe, na wazazi wangu wakimchekea.

Nilianza kujipanga siku hiyo hiyo. Wale wa rika langu mnakumbuka jinsi mtoto wa enzi zetu alivyoweza kufanya jambo kubwa bila mtu mzima kujua, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa akimtazama. Nilichota omena kutoka gunia la mama, kidogo kidogo, mpaka nikawa na gorogoro nzima chini ya kitanda. Asubuhi ya safari, mizigo ikiwa tayari nje na baba ameshika kufuli, nikasema nimesahau sweta. Nikaingia. Mdosi alikuwa kwenye kiti chake. Nikamwaga omena kwenye karai, nikajaza maji kwenye sufuria, nikamwambia, "Siku saba tu. Usimfungulie mtu." Kisha nikatoka na sweta, na baba akafunga mlango.

Nakumbuka mlio wa kufuli. Wakati ule ulinifurahisha.

Dani alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono iliyonuka moshi na majani ya ng'ombe. Alikuwa na paka pia, jike lisilo na jina, na siku yetu ya tatu pale alimtupia omena kavu kama ile ile niliyomwachia Mdosi. Paka akala. Halafu akaenda kwenye bakuli la maji ya kuku akanywa, akanywa, akapumzika, akanywa tena, mpaka bakuli likakauka. Nilisimama pale nikimtazama. Nikafikiria sufuria yangu, ile ndogo ya kuchemshia maziwa.

Jioni Dani alikuwa anamenya njugu mbele ya jiko lake. Nikaketi karibu naye, nikaanza kumenya.

"Dani, paka anaweza kukaa siku ngapi bila maji?"

Hakuinua kichwa. "Paka gani?"

"Paka tu."

"Huyo paka tu hana sikio limechanika?" Baba alikuwa amemwambia habari za Mdosi, kumbe.

Nikamwambia yote: Mama Nuru, gunia la omena, sweta, kufuli. Dani alicheka kwanza, akacheka mpaka njugu zikamwagika kwenye mapaja yake. Halafu akaniona uso wangu, akaacha.

"Baba atanichapa," nikasema.

"Nyathina," akaniambia, mtoto wangu, "nyamaza wewe. Mimi ndio nitamwambia. Mimi hawezi kunichapa."

Nililala vizuri. Nilikuwa nimeweka mzigo wangu kwa mtu mwenye uwezo wa kuubeba.

Asubuhi Dani hakutoka nje. Mama alienda kumwangalia, nami nikamfuata nyuma. Tulimkuta ameketi kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala pembeni kana kwamba si wake. Aliniona. Akafungua mdomo, akajitahidi, na kilichotoka hakikuwa neno. Wakubwa wakasema ni kiharusi. Mimi nilijua ni nini. Niliitia siri yangu mdomoni mwake, ikakwama humo, na sasa haikuruhusu neno lingine lipite.

Walitafuta gari wakampeleka Homa Bay. Siku mbili baadaye niliwasikia wanawake wakipiga nduru kuanzia barabarani, nikajua kabla hawajafika langoni.

Najua mtakachoniuliza, kwa sababu nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Baba alikuwa na simu mfukoni. Duka la Mama Nuru lilikuwa na simu pia. Neno moja tu, na mtu angevunja kufuli na kumpa paka maji. Lakini mlimwona baba? Alikuwa amekuwa mtu mwingine. Alishughulikia jeneza, mahema, ng'ombe, barua ya chifu, akitembea haraka haraka na uso mkavu, na watu wakimfuata nyuma kila mmoja na swali lake. Ningemwendea vipi mtu aliyefiwa na mama yake nikamwambia habari za paka? Tena niliogopa. Mara ya mwisho nilipomwambia mtu mzima siri ile, asubuhi hakuweza kusema.

Basi nikalia. Nililia asubuhi nikiamka, nililia nikiletewa uji, nililia wakati wa mahubiri. Siku saba zikapita, nikalia zaidi, maana sasa nilimwona waziwazi akilamba sufuria tupu. Nililia mpaka wanawake wakaanza kunionyesha kwa watoto wao. "Muoneni huyu. Huyu alipenda dani yake kweli kweli." Mama mmoja wa kanisa alinikumbatia akaniombea, akimshukuru Mungu kwa moyo wa mtoto aliyejua kuomboleza. Mimi nilikuwa kimya kwapani mwake, nikiomba juu ya maombi yake: Mungu, mpe maji.

Na baba. Siku ya kumzika Dani, watu wote wakiwa wanalia, ndugu zake wakijitupa chini, baba alisimama kando ya kaburi macho makavu. Hakutoa hata tone. Nilisikia watu wakinong'ona. Akanishika bega, akanivuta kwake mpaka uso wangu ukawa kwenye koti lake, akaniacha nilie hapo. Aliendelea kunishika hivyo mpaka udongo ukaisha. Nilijisikia mchafu. Nilikuwa namdanganya mtu aliyekuwa akijishikilia kwangu asianguke.

Nilidhani baada ya mazishi tutaondoka. Lakini kwetu boma likizika halitawanyiki ovyo. Tunanyolewa nywele kwanza, halafu wana wa marehemu wanaondoka kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mkubwa hutangulia, na mdogo akimruka ni kama ameleta mkosi. Baba alikuwa mtoto wa pili. Mbele yake alikuwa kaka yake, Baba Mkubwa, aliyekuja kutoka Nakuru na likizo ndefu na viti viwili vya kukunja, kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea miguu.

Baba Mkubwa hakuwa na haraka. Alikuwa na maneno ya kumaliza kuhusu mpaka wa shamba, na marafiki wa utotoni wa kutembelea, na alisema hewa ya Magunga inamfaa kifua. Nikaanza kumfanyia kazi. Kila asubuhi nilichukua viatu vyake, nikavipangusa vumbi, nikavipaka rangi mpaka vikang'aa, nikaviweka mlangoni vikitazama lango. Nikamletea maji ya kuoga kabla hajaomba. Nikamuuliza, kwa adabu zote, "Baba Mkubwa, mnafungua kazi lini huko Nakuru?"

Akafurahi kupita kiasi. "Nyinyi mnaona huyu mtoto?" akawaambia watu. "Anaogopa nitaenda. Kila siku anauliza. Usijali, mama, bado nipo."

Akakaa siku nne zaidi, kwa ajili yangu.

Alipoondoka mwishowe nilimsindikiza mpaka barabarani nikibeba kiti chake kimoja, na watu wakasema mtoto huyu ana moyo. Siku iliyofuata tukaondoka sisi. Tulipopita Rodi Kopany mama alinunua ndizi akanipa, nikaishika mkononi mpaka Uriri bila kuimenya. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaingia wa kwanza. Nilitaka niwe mimi ndiye nitakayemkuta.

Baba alifungua kufuli. Harufu ya omena ilitoka kama mtu aliyekuwa akisubiri nyuma ya mlango. Karai lilikuwa pale, limejaa zaidi ya nusu. Sufuria ilikuwa imekauka. Nikatazama chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya beseni la nguo. Hakukuwa na paka. Kisha nikaona dirisha: vioo viwili, vile vipande virefu vinavyopangwa kama ngazi, vilikuwa vimetolewa na kuegemezwa ukutani kwa ndani, taratibu, bila hata ufa.

Nilikimbia dukani. Mdosi alikuwa juu ya leso.

"Alikuwa akilia, mwanangu," Mama Nuru akasema. "Nikamtoa dirishani. Poleni na msiba."

Hakuniuliza aliingiaje mle ndani. Mimi nami sikuweza kumtazama. Yule niliyemfungia paka asije akamwiba ndiye aliyemwokoa, na uso wangu ulikuwa unawaka. Nilimbeba Mdosi, mzito, amenenepa. Alikakamaa mikononi mwangu. Nilipofika mlangoni kwetu akajirusha chini, akarudi mbio alikotoka. Mama Nuru alimrudisha mwenyewe jioni, na kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara paka alikaa mpaka mtu aguse mlango, halafu akatoka. Baada ya hapo Mdosi hakukanyaga tena chumba chetu maisha yake yote. Alizeekea dukani, mita kumi kutoka kitandani kwangu, na nikienda kununua sabuni alinitazama kama anavyotazamwa mteja.

Mama alilalamika kuhusu omena yake mpaka akachoka. Baba alirudisha vile vioo viwili siku ile ile, kimya, bila kuuliza vilitokaje. Sikuchapwa. Nilisubiri kiboko wiki nzima, hakikuja. Ila hakuniita tena Mama Mdosi. Nilidhani ni kwa kuwa paka hakuwa wangu tena.

Baba sasa ni mstaafu, anaishi Magunga, na kila Desemba tunampelekea wajukuu. Na kila Desemba, wakishakula, anawasimulia. "Mama yenu huyu," anaanza, "hakuna aliyemlilia mama yangu kama yeye. Watu walikuja kumtazama tu." Wanangu wananitazama kwa heshima. Mimi naosha vyombo. Nimeosha vyombo vile kwa miaka mingi nikijiambia kwamba ni uongo mdogo, unampa mzee faraja, uache. Lakini ulinila. Dani alinipenda, na mtu wa kwanza katika maisha yangu aliyekufa akinipenda sikumpa hata chozi moja. Yote nilimpa paka, na paka alikuwa hai, amelala juu ya leso akinenepa.

Desemba iliyopita kulikuwa na omena kwenye maji ya moto, na dirisha la jiko la Magunga ni dogo. Pengine ni harufu hiyo. Watoto walikuwa wamekimbilia nje. Baba alikuwa amemaliza kusimulia, amebaki peke yake kwenye kiti. Nikafuta mikono nikaenda mbele yake.

"Baba, usiwaambie tena hiyo hadithi. Sikuwa namlilia Dani. Nilikuwa namlilia Mdosi. Nilikuwa nimemfungia ndani."

Nilisubiri kama nilivyosubiri kiboko nikiwa na miaka tisa.

"Najua," baba akasema.

"Unajua nini?"

"Najua ulimfungia. Nilijua tangu huko huko." Alitazama mikono yake. "Mama aliniambia. Ile jioni kabla hajaugua. Alikuja mpaka nje ya mlango wa nyumba yangu, akasimama pale, maana kwa mila yetu mama haingii nyumba ya mwanawe hivi hivi, akaniita. Akasema, mtoto amefunga paka ndani ya nyumba. Piga simu. Na usimchape." Akaonyesha nje kwa kidevu. "Nikaenda kutafuta mtandao pale kwenye kichuguu, nikampigia Mama Nuru. Asubuhi yake akatoa vioo. Nilirudi kumwambia mama, nikakuta jikoni ameshazima moto, nikasema nitamwambia kesho."

Kwa hiyo Dani alikuwa amesema. Siri haikukwama mdomoni mwake. Alikuwa ameitoa jioni ile ile, kama alivyoahidi, na kufikia siku tuliyosikia nduru Mdosi alikuwa ameshakunywa maji ya Mama Nuru.

"Ulijua yuko salama? Ukaniona nalia wiki tatu, Baba. Wiki tatu! Ungesema neno moja tu."

"Nilitaka."

"Sasa?"

Baba alifungua mdomo. Mdomo ulimtetemeka upande mmoja, na kwa sekunde moja nilimwona Dani kitandani.

"Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia," akasema. "Mama yangu. Ningekwambia paka ni mzima, ungeniuliza nimejuaje. Ingebidi niseme. Kila nikikuja kusema naona ameegemea ule mlango. Nikasema nikianza sitaweza kumzika. Na wewe ulikuwa unalia vile. Nikakuacha ulie." Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Lilikuwa kosa. Ulikuwa mtoto."

"Mbona basi unawaambia watoto kila mwaka?"

"Hiyo sehemu ndiyo naweza kusema."

Nilikuwa na maneno mengine, makali, niliyokuwa nimeyaweka bila kujua nimeyaweka, lakini kitu kilianza kunitoka kifuani na hakikuwa maneno. Nilikuwa namwona mwanamke mfupi, mkavu, mikono inanuka moshi, akivuka uwanja ule ule jioni na njugu bado zimemshika kwenye leso, anakwenda kunitetea. Akasimama nje ya mlango. Akasema, usimchape. Akarudi jikoni akazima moto, akaenda kulala.

"Pole, Mama Mdosi," baba akasema.

Nililia. Nililia kwa sauti, mimi mama wa watoto watatu, nimekaa chini kwenye saruji na kichwa kwenye magoti ya mzee, naye ameniweka mkono begani mahali pale pale. Binti yangu mdogo akaja mbio kutoka nje, akasimama mlangoni.

"Babu, mama ana nini?"

"Mwache," baba akamwambia. "Anamlilia dani yake."